"Lakini fundi, mimi niliweka resista"

Kauli hiyo nimeichoka. Huja nayo vijana kutoka Kondele hadi Ahero, huku Kisumu, laptopu iliyokufa mkononi, baada ya kujaribu kutazama wimbi la stima kupitia tundu la maikrofoni. Kutumia kadi ya sauti, ile sehemu ya kompyuta inayopokea na kutoa sauti, badala ya oskiloskopu, kifaa cha kuchora wimbi la umeme kwenye skrini, si wazo baya. Mimi mwenyewe naitumia kwenye ampu na wufa. Ubaya ni kuamini kwamba ukishapunguza volti kwa resista, unaweza kubana waya popote.

Kebo yako ina nyaya mbili: wa mawimbi na wa ardhi. Resista umeiweka kwenye ule wa mawimbi. Wa ardhi unaingia moja kwa moja kwenye bodi, na kwa kompyuta ya mezani unaendelea hadi pini ya tatu ya soketi. Sasa chukua pawa saplai ya TV. Upande unaopokea stima, volti 240 hugeuzwa kuwa takribani 340 za DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, kwenye ile kapasita kubwa inayohifadhi chaji. Hasi ya kapasita hiyo si ardhi. Imeshikana na stima kupitia diodi nne, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu. Ukibana waya wa ardhi hapo, umepiga shoti. Diodi inapasuka, fyuzi inakatika, na kompyuta yaweza kwenda nazo. Resista yako utaikuta nzima kabisa, haina habari.

"Basi nitachomoa chaja nitumie betri." Hapo ndipo unaponitisha zaidi. Shoti haitatokea, kweli, lakini sasa kila chuma kilichoungana na ardhi ya laptopu, hadi ganda la tundu la USB, kina stima. Ukikigusa tu, kinakupiga.

Ukitaka kuona wimbi la stima, pitia transfoma ndogo ya volti 9, ambayo koili zake mbili hazigusani. Kisha ndipo resista zipate kazi: kilo-omu 100 njiani, na kilo-omu 4.7 kati ya waya wa mawimbi na wa ardhi. Hiyo ni kwa tundu la "line in", ambalo kwa kawaida huvumilia kama volti 1. Tundu la maikrofoni hutaka milivolti tu, kwa hiyo punguza zaidi. Na nunua kadi ndogo ya USB kwa kazi hii, iungue yenyewe. Haitenganishi ardhi lakini, usije ukaniambia nilikuruhusu.

Kupima betri? Haiwezekani. Kapasita iliyo mlangoni mwa kadi ya sauti huzuia DC. Mstari utaruka kidogo na kulala. Chukua mita. Kapasita hiyo ndiyo pia hufanya wimbi la mraba la inveta lionekane limeinama, usiilaumu inveta.

Volti zinazoandikwa kwenye skrini nazo si za kuaminika mpaka uingize wimbi la hezi 50 ulilolipima kwa mita, usahihishe, halafu usiguse tena kiwango cha kurekodi. Zima na kipunguza kelele.

Kuhusu kasi, kadi inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde haioni chochote kuanzia kilohezi 24 kwenda juu. Rimoti ya TV hurusha kwa kama kilohezi 38, kwa hiyo sahau. Mngurumo wa wufa ndio mahali pake: ukiona hezi 100, angalia kwanza kapasita za kuchuja, ukiona 50, kagua kebo ya kuingiza sauti na ardhi yake.