Mgeni wa kujitolea haanzi kutibu kabla karatasi hazijakamilika

Kiangazi kikiingia, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, vituo vya afya vya Lubumbashi hupokea wageni. Wengi ni wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka Ulaya na Amerika. Wengine ni watoto wetu wenyewe waliokulia Ubelgiji au Ufaransa na sasa wanataka kusaidia nyumbani kwa wazazi wao. Wanakaa wiki tatu au nne. Asubuhi wako kituoni, na siku za mapumziko wanapelekwa vijijini kuona ngoma, mapishi na mila. Jambo hilo ni jema, na ofisi yetu ya ukaguzi wa afya haijawahi kulikataza. Lakini malalamiko tunayopokea yameongezeka: mgonjwa ameshonwa kidonda na mtu asiye na diploma, mama amepigwa picha akijifungua, dawa zimegawiwa ambazo hakuna aliyeweza kusoma maandishi yake. Kwa hiyo tunaandika, kwa ajili ya wanaopokea wageni na kwa ajili ya wagonjwa.

Tuanze na karatasi, kwa sababu ndizo tunazoulizwa kila siku. Viza ya utalii ni ya kutalii. Kupima mgonjwa ni kazi, ilipwe au isilipwe. Kituo, parokia au familia inayomwalika mgeni iandike mapema, miezi mitatu kabla ni vizuri, na ieleze wazi kwamba anakuja kujitolea katika afya, ili aombe viza inayofaa na asipate shida na DGM, idara ya uhamiaji, akifika uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inaangaliwa mpakani. Chanjo ya homa ya ini aina ya B haiangaliwi huko, lakini sisi tunaiuliza, kwa sababu atakuwa karibu na damu na sindano.

Baada ya viza inakuja ruhusa ya kazi yenyewe. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Daktari aliyehitimu anatakiwa awe ameandikishwa kwenye Oda ya Waganga, yaani chama cha kisheria cha madaktari, iliyoundwa kwa amri yenye nguvu ya sheria nambari 68/070 ya tarehe 1 Machi 1968. Muuguzi aliyehitimu ana Oda yake, ya sheria nambari 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Diploma ya nje, hata ikiwa ya chuo kikubwa namna gani, haimpi mtu haki ya kutibu Kongo siku anayoshuka kwenye ndege. Mwanafunzi hana Oda ya kujiandikisha, kwa hiyo yeye ni stajiere, yaani mwanafunzi wa mafunzo kazini, hata akiwa na miaka ishirini na nane na ndevu. Analeta barua ya shule yake inayosema yuko mwaka wa ngapi na ameshafundishwa kufanya nini kwa mikono yake. Barua hiyo inapelekwa kwa daktari mkuu wa zoni ya afya, siyo kwa titulari, yaani muuguzi mkuu wa kituo, peke yake. Daktari mkuu akikubali, anaandika jina la msimamizi. Msimamizi huyo awe kazini saa zote mgeni anapokuwa kazini. Akienda kula, mgeni naye aende kula.

Tumesikia mara nyingi sentensi hii: «Lakini yeye anatusaidia bure.» Bure haiondoi wajibu. Kifungu cha 52 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa ya jinai kinamhusu mtu aliyesababisha kifo au majeraha kwa kukosa uangalifu, bila nia ya kumdhuru mwingine. Kifungu cha 53 kinatoa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na faini, ikiwa mtu amekufa. Kifungu cha 54 kinatoa siku nane hadi mwaka mmoja ikiwa ameumia. Titulari anayemkabidhi sindano mtu asiyejua asidhani kwamba maswali yataishia kwa mgeni. Mgeni anarudi kwao mwisho wa mwezi, na titulari anabaki hapa, yeye na daftari lake.

Nitaeleza nilichokiona mwenyewe, bila kutaja komini, yaani sehemu ya mji. Niliingia kituoni saa tatu asubuhi, nikakuta mabenchi mawili. Benchi la mbele ya mlango wa muuguzi, mama mwenye zaidi ya miaka ishirini ya kazi, lilikuwa tupu. Benchi la pili lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama, kwa sababu ndani kulikuwa na kijana mzungu wa mwaka wa pili wa masomo. Bibi mmoja aliniambia kwamba amesubiri tangu alfajiri ili mjukuu wake aguswe na «munganga wa Ulaya». Kijana yule alikuwa na moyo mzuri. Alimpima mtoto homa, akafanya kipimo cha haraka cha malaria, kikaonyesha malaria, akaanza kuandika vidonge. Muuguzi akapita kuchukua pamba, akatupa jicho, akashika kiganja cha mtoto: kilikuwa cheupe kama unga. Akauliza kama mtoto anakojoa mkojo wa rangi ya koka. Bibi akasema ndiyo, tangu juzi. Mtoto alikuwa na malaria kali na upungufu wa damu, na vidonge visingetosha. Alihitaji artesunate ya sindano na hospitali yenye damu. Alipelekwa siku ileile, akapona.

Kijana hakuwa na kosa la kutojua. Shuleni kwao wanaisoma malaria kitabuni, na wengi wao hawajawahi kumwona mgonjwa hata mmoja. Na anemia ya SS, yaani selimundu, ambayo hapa kwetu kila muuguzi anaifikiria akiona mtoto mwenye manjano machoni, kwao ni ugonjwa wa nadra. Kosa lilikuwa la waliopanga mabenchi. Na niseme wazi, kosa lilikuwa pia la sisi wagonjwa tunaoamini kwamba ngozi nyeupe ni diploma. Tumelisema hili redioni, makanisani, kwenye mikutano ya CODESA, kamati ya wakazi ya mambo ya afya, na bado benchi la mama muuguzi linabaki tupu! Mgonjwa ana haki ya kuuliza: wewe ni nani, umesoma wapi, nani anakusimamia? Kuuliza si kukosa adabu. Ana haki pia ya kukataa kuguswa na stajiere, na akikataa huduma yake haicheleweshwi.

Kuhusu dawa za masandukuni nitakuwa mfupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa upo tangu 1996: dawa ifike ikiwa imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, iwe na maandishi ambayo wafanyakazi wa afya wanaelewa, isiwe mabaki yaliyorudishwa na wagonjwa wala sampuli za bure. Kwetu, uingizaji wa dawa unapita ACOREP, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Mgeni asilete kitu kabla ya kuuliza.

Sasa mila. Mgeni anafika na swali moja: «Kabila la hapa ni lipi?» Mji huu ulianza 1910 kwa ajili ya shaba, na watu walikuja kutoka kila upande. Ardhi ni ya Walamba na jirani zao, lakini kwenye avenyu moja ya komini ya Katuba au ya Kenya utakuta Waluba, Wabemba, Wasanga, Wahemba, Walunda na Watshokwe wanachota maji kwenye bomba moja. Anayetaka kuanza vizuri apelekwe Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, aone misalaba ya shaba ambayo wazee wetu walitumia kama mali kabla ya franka. Kisha aende Makwacha, ambako wanawake wa Kilamba hupaka nyumba zao michoro ya udongo wa rangi kila kiangazi, mvua zikishakwisha. Akienda Bunkeya kwa Wayeke, atasikia habari za mfalme Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Popote pale amwone chifu kwanza, aseme amekuja kufanya nini, aombe ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Anayemwongoza asiwaamshe watu wacheze ngoma ya msiba mahali pasipo na msiba.

Lakini chumba cha kujifungulia si sehemu ya ziara ya mila. Wala kitanda cha mtoto mwenye utapiamlo. Kuna wenyeji wanaowaingiza wageni humo kwa heshima ya ugeni, wakisema mama amekubali. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, mbele ya watu watano waliovaa makoti meupe, atakataaje? Ruhusa inaombwa kabla ya uchungu, kwa lugha yake, na mtu ambaye si yeye atakayemzalisha. Na picha ya mgonjwa ikienda kwenye mtandao, hata akiwa hajatajwa jina, ni siri ya kazi iliyotoka nje. Kifungu cha 73 cha sheria ileile ya makosa ya jinai kinaadhibu kutoa siri hiyo kwa kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, pamoja na faini. Kinawahusu madaktari, wauguzi, wakunga na kila mtu aliyepewa siri kwa sababu ya kazi yake. Simu za wageni zibaki kwenye kabati la titulari mpaka jioni.

Jambo la mwisho ni siku ya kuondoka, ambayo vituo vingi husahau. Kabla mgeni hajaaga, msimamizi akae naye na daftari, wapitie kila mgonjwa aliyemgusa: nani amebakiza dozi, nani anarudi kutolewa nyuzi, nani alitumwa kupima na majibu hayajafika. Kila jina likabidhiwe kwa muuguzi wa kituo kwa sahihi, na nakala ipelekwe kwenye biro ya zoni.