Kabla hujailaani gasketi, angalia kama Subaru yako ni 5 au 9

Wiki haipiti bila mtu kuniambia kwamba Subaru ni gari zuri, "ila gasketi", yaani ile ya hedi, inayoziba kati ya hedi na bloku la injini. Analisema mwenye Forester SG5, analisema anayetaka kununua Impreza ya 1.5, analisema hata fundi ambaye hajawahi kufungua boxer, injini ya Subaru yenye silinda zilizolala kushoto na kulia. Ukiuliza habari hiyo imetoka wapi, unaonyeshwa video ya Mmarekani amelala chini ya Outback akimulika tochi. Mmarekani yule hadanganyi. Anachomulika tu ni injini nyingine, na wewe huna injini hiyo.

Familia ya injini za Subaru ziitwazo EJ ilianza na Legacy ya mwaka 1989. Kuna EJ15, 16, 18, 20, 22 na 25 (namba ni ujazo: 20 ni lita 2.0, 25 ni lita 2.5), na zote zina umbali uleule wa milimita 113 kutoka katikati ya silinda hadi katikati ya jirani yake. Sasa piga hesabu. EJ20 ina kipenyo cha silinda cha milimita 92, kwa hiyo kati ya tundu na tundu zinabaki milimita 21. EJ25 ina kipenyo cha 99.5, zinabaki 13.5. Yaani bloku ni lilelile, matundu yamepanuliwa, na zaidi ya theluthi ya nyama ambayo gasketi ilikuwa inaikalia imeondoka. Anayekwambia "Subaru zote ni moja" hajawahi kuziweka gasketi hizo mbili mezani pamoja.

Kwa nini Marekani walipata 2.5 na sisi tukapata 2.0? Kodi. Japani gari lilikuwa likilipiwa kodi ya mwaka kwa ujazo wa injini: hadi 2000 cc ni yeni 39,500, ukivuka hapo hadi 2500 ni yeni 45,000. Mjapani wa kawaida alinunua 2.0, na gari lake likishazeeka ndilo hupakiwa melini kuja Mombasa na Dar es Salaam. Mmarekani hana kodi ya namna hiyo na anapenda injini kubwa, kwa hiyo Forester iliingia kwake na 2.5 tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye mwandishi mkubwa wa mitandaoni, nasi tukarithi hofu yake.

Kujua una ipi ni kazi ya dakika moja. Soma namba ya modeli kwenye bamba lililo chumba cha injini. SF5, SG5, BH5, BL5, BP5: hizo ni 2.0. SF9, SG9, BH9, BL9, BP9: hizo ni 2.5. Lancaster na Outback nyingi ni 9, kwa hiyo wenye hizo endeleeni kusoma kwa makini. BPE ni silinda sita, mambo yake mengine kabisa. Impreza zina namba za mpangilio tofauti, usibahatishe. Tazama namba ya injini iliyogongwa juu ya bloku, karibu na linapoungana na giaboksi.

Hata hiyo EJ25 haina ugonjwa mmoja tu. Ina mawili, na watu wanayachanganya kila uchao.

Ya kwanza ni EJ25D, ile ya kamshafti nne ya miaka ya 1996 hadi 1999. Hii hupasukia ndani: gesi ya mwako inapenya kwenye njia ya maji. Gari linaenda vizuri mjini, linachemsha kwenye mlima au mwendo mrefu, na ukifungua kontena la akiba unaona mapovu na uchafu mweusi. Kulanti, yaani maji ya kupozea injini, haina oili, oili haina kulanti, na fundi anaapa gasketi ni nzima. Ukiipima ikiwa baridi inaweza kukudanganya. Ipime ikiwa imepata moto sawasawa, kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya mwako.

Ya pili ni 2.5 ya kamshafti mbili iliyofuata, EJ251 na wenzake. Hii huvujia nje, polepole, kwenye ukingo wa chini ambapo hedi inakutana na bloku. Kwanza inalowana oili, baadaye kulanti. Inaweza kutembea muda mrefu hivyo bila kuchemsha hata mara moja. Subaru ya Marekani yenyewe ilikiri kwa vitendo: kwa magari ya takriban 1999 hadi 2002 ilitia kemikali maalumu ndani ya kulanti, na wateja waliokubali kutiliwa wakaongezewa dhamana ya gasketi kufikia miaka 8 au maili 100,000.

Halafu kuna ugonjwa wa tatu, wa macho. Gasketi ya kifuniko cha valvu ikichoka, oili inadondokea kwenye bomba la ekzosi, gari linanuka kuungua ukisimama kwenye taa, na fundi anatangaza kifo cha gasketi ya hedi. Osha injini, endesha siku mbili, kisha mulika tena kutoka chini. Oili hushuka haipandi, kwa hiyo tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Pengine tatizo zima ni mpira wa kifuniko na zile sili za mashimo ya plagi.

Sababu kamili ya udhaifu wa 2.5 ni ipi? Hapa ndipo maelezo rasmi yanapokuwa na uhakika kunishinda. Wapo wanaolaumu gasketi ya tabaka moja iliyopakwa, wapo wanaolaumu kuta za silinda zinazotikisika, wapo wanaosema hedi iliyolala kando huacha ukingo wake wa chini umelowa hata injini ikiwa imezimwa, na wapo wa waya mbovu za ethi zinazofanya maji yale metali. Mimi naegemea gasketi, kwa kuwa ukiweka ya tabaka za chuma, ile MLS, kwenye bloku lilelile, kwa kawaida uvujaji haurudi. Lakini hoja yangu haielezi kwa nini gari mbili pacha, moja inavuja kwenye kilomita 120,000 na nyingine inafika 250,000 ikiwa kavu.

Sasa jina la Subaru lilitoka wapi kabla ya kuchafuliwa? Kampuni mama ni kiwanda cha ndege cha Nakajima, kilichoanzishwa mwaka 1917, na baada ya vita kikavunjwa vipande. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana nacho zikaunda Fuji Heavy Industries, watengenezaji wa Subaru. Hapo huzuka hadithi nyingine inayoniudhi, kwamba boxer "ni injini ya ndege". Injini maarufu za Nakajima, kama Sakae, zilikuwa za silinda zilizopangwa duara. Boxer ilikuja mwaka 1966 na Subaru 1000, chini ya mhandisi Shinroku Momose, kwa sababu ya kawaida kabisa: ni fupi, inakaa vizuri mbele ya giaboksi kwenye gari la kuvuta kwa mbele. Mfumo wa kuvuta magurudumu manne nao ulianza kwa ombi la kampuni ya umeme ya Tohoku, iliyotaka gari la mafundi wake kwenye theluji lenye starehe kuliko Jeep. Mwaka 1972 ikauzwa Leone yenye mfumo huo.

Sifa ya ugumu, ile tunayoiimba hapa, ilijengwa na EJ20. Mwaka 1989 Legacy za injini hiyo yenye tabo zilizunguka Arizona kilomita 100,000 kwa saa zipatazo 447, wastani wa kilomita 223 kwa saa. Kanuni za mashindano ya dunia ya rali ziliweka kikomo cha 2000 cc, kwa hiyo Impreza ya Colin McRae iliyoshinda Safari mwaka 1997, na ya Richard Burns mwaka 2000, zote zilikuwa 2.0. Mtu aliyesimama kando ya njia akipigwa vumbi alikuwa anashangilia EJ20. Leo anaitukana kwa dhambi za EJ25.

Je, gasketi ya EJ20 haiungui? Inaungua, tena nyingi. Lakini mara nyingi inaungua baada ya gari kuchemsha, na lilichemsha kwa sababu ya mkono wa mtu. Wa kwanza kwenye orodha ni anayetoa themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto ili maji yazunguke hadi kwenye rejeta.

Kwenye EJ themostati haipo juu, inapotokea maji ya moto. Ipo chini, kwenye mlango wa kuingilia wota pampu, na hozi ya chini ya rejeta inaishia hapo. Inaanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80, inafunguka yote kwenye 91. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumimina mafuta kana kwamba ni asubuhi, na unarudi kulalamika kwamba Subaru inakunywa. Kuna wanaodai pia kwamba bila themostati maji hupita haraka mno kwenye rejeta yasipoe. Hilo silisadiki sana, na sihitaji kulisadiki ili nikukataze. Ukinunua mpya, chukua yenye umbo kubwa kama ya kiwandani. Zile ndogo za bei ya chini zinaingia kwenye nafasi ileile lakini tundu lake ni dogo, na kwenye foleni ya jua kali utaona tofauti.

Kwa sababu themostati ipo chini, inategemea maji ya moto yanayoizunguka yarudi pale ili ijue injini imepata moto. Maji ya hita hurudi upande huohuo. Sasa fundi akikuta hita inavuja, anaziba hozi zake mbili kwa boliti na klipu, eti Dar nani anahitaji hita. Usizibe. Ziunganishe hozi hizo mbili, mzunguko uendelee.

Na hewa! Mfumo mzima unachukua lita 6 hadi 7 na ushee kutegemea modeli. Kama umemwaga yote na zimerudi lita nne tu, hizo nyingine hazikuyeyuka, kuna hewa ndani. Inua pua ya gari, fungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kona ya juu ya rejeta, upande usio na kifuniko. Weka hita kwenye moto wa mwisho. Mimina polepole huku ukiminya hozi ya juu na ya chini mpaka mapovu yakome. Kwenye zenye tabo kuna kijitanki chake juu ya injini chenye kifuniko chake, anzia hapo. Washa, shika mizunguko 2000 hadi 3000 mpaka feni ziwake na kuzima mara mbili. Hewa ya hita isipotoka ya moto, bado. Zima, subiri ipoe kabisa, jaza tena. Mafundi wengi huishia kwenye kumimina, wanafunga boneti, gari linachemka Kimara pale Dar, lawama zinaenda Japani.

Maji ya bomba nayo acheni. Na kifuniko cha rejeta kilicholegea ni spea ya bei ndogo inayoua injini ya bei kubwa.

Ikibidi kufungua, fungua pande zote mbili. Boxer ina hedi mbili, na anayebadilisha gasketi ya upande mmoja anakuuzia kazi mara mbili. Uso wa hedi upimwe kama umepinda kwa rula ya chuma na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kinachoruhusiwa ni milimita 0.03 hadi 0.05 kutegemea toleo la kitabu. Usisugue bloku kwa diski ya kusagia, ule unga unaingia kwenye oili na kumaliza beringi za krenki, na baada ya mwezi una injini inayogonga. Boliti zipakwe oili, zikazwe kwa hatua, zilegezwe nyuzi 180 mara mbili, zikazwe tena, kisha zimalizwe kwa nyuzi 80 hadi 90, mara mbili. Anayekaza kwa kusikilizia mkono mlipe nauli aondoke.

Kinachoua EJ20 kwelikweli ni mkanda wa taimingi. Muda wake ni kilomita 100,000, na kwa zile za mwishoni mwa miaka ya 1990 kuendelea, ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Watu wanabadilisha mkanda na kuacha puli za zamani, halafu puli ile yenye meno inakwama na kuukata mkanda mpya. Badilisha seti yote, na wota pampu, maana inazungushwa na mkanda huohuo. Tensiona, ile inayokaza mkanda, ibanwe kwenye jiliwa ikiwa wima, taratibu, zaidi ya dakika tatu, ndipo uchomeke pini. Ukiibana kwa pupa umeiharibu ndani. Na kwenye gia ya krenki usifuate mshale! Alama sahihi ni kile kistari kwenye ukingo wa nyuma wa gia, kikiwa juu kabisa. Hapo pistoni zote zipo katikati ya njia na valvu zipo salama.

Kenya, kwa kikomo cha miaka nane cha magari ya kuagizwa, Subaru nyingi zinazoshuka bandarini sasa ni za FB, injini inayotumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, iliyoanza mwaka 2010. Tanzania EJ bado zinaingia, ukilipa ushuru wa uchakavu. FB ina jina lake baya, nalo linatoka Marekani vilevile: matoleo ya mwanzo yalikula oili hadi wateja wakaenda mahakamani. Safari hii chukua onyo hilo jinsi lilivyo. Vuta dipstiki kila kilomita 1000, gari likiwa limesimama tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Ifute, irudishe, isome pande zote mbili, na upande unaoonyesha oili kidogo ndio uuamini.