Amplifaya na spika za mbele: yanayosemwa vijiweni Mtwara na Lindi, na ukweli wake

Korosho zikilipwa, amplifaya na spika nyingi huingia kwenye IST, Noah na Hiace za kusini. Miezi michache baadaye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) imekufa, mlango unakoroma, na lawama zinamwangukia aliyeuza spika. Mara nyingi spika haina kosa lolote. Ukifuatilia utakuta chanzo ni waya, erthi (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi la gari) au geini (kirekebishi kidogo kilicho kwenye amplifaya), na kila kimoja kati ya hivyo kina maneno yake yanayozunguka mtaani kana kwamba ni sheria.

"Boksi limeandikwa wati 2000, basi ni wati 2000"

Geuza amplifaya, tazama pale fyuzi zilipochomekwa. Ukikuta mbili za ampia 20, ujue haiwezi kula zaidi ya ampia 40 kwa muda mrefu. Zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, unapata wati 552 zinazoingia. Amplifaya ya daraja AB (aina ya saketi ya ndani) hugeuza karibu asilimia 40 ya hizo kuwa joto, ndiyo maana bodi lake huchoma mkono. Zinazobaki ni kama wati 330. Gawa kwa chaneli nne, kila spika inapata wati 80 hivi, na hayo ni makadirio ya ukarimu. Ya daraja D hupoteza kidogo, karibu asilimia 20. Namba ya kufuata ni ile iliyoandikwa RMS, yaani nguvu ya kudumu. Ile kubwa ya rangi nyekundu juu ya boksi iache hapo hapo dukani.

Redio nayo ni hivyo hivyo. Iliyoandikwa 50x4 hutoa wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, kwa sababu inatumia volti za gari bila kuzipandisha. Kwa hiyo amplifaya ndogo ya kweli yenye wati 50 RMS kwa chaneli inabadilisha kabisa spika za mbele, hata ikiwa boksi lake halina majigambo.

"Waya mnene ni waya mnene"

Waya nyingi za seti za amplifaya ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, tena ndani ya mpira mnene unaodanganya jicho. Chuna nyuzi chache, kwangua mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini. Inapitisha umeme kwa karibu theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba, na kwenye hewa ya chumvi ya Mikindani au ufukweni Lindi, alumini inayogusana na shaba huliwa haraka na kuacha unga mweupe kwenye kiungio.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa mm² 16, urefu wa mita 5 kutoka betri hadi nyuma, ukipitisha ampia 40 unapoteza volti 0.22. Wa mm² 6 unapoteza karibu 0.6. Ukikosa seti nzuri, nenda duka la vifaa vya umeme ukapimiwe waya wa shaba wa mm² 16 wenye nyuzi nyingi laini. Usichukue ule mgumu wa nyuzi chache wa kufungia nyumba, kwa sababu mtikisiko wa gari huukata taratibu pale unapobanwa.

"Fyuzi iko kwenye amplifaya, ya pili ya nini?"

Ya kwenye amplifaya inalinda amplifaya. Ya karibu na betri inalinda waya, na pamoja nao gari lenyewe. Waya huo unapenya ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi. Tundu likikosa mpira, bati linaukwaruza kidogo kidogo mpaka shaba inagusa bodi. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampia papo hapo, na kapeti linashika moto. Weka fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye betri. Kwa waya wa shaba wa mm² 16 na amplifaya ya ampia 40, fyuzi ya 50 inatosha.

"Erthi funga popote penye chuma"

Hapa ndipo pwani inapowaadhibu watu. Rangi haipitishi umeme, kutu haipitishi umeme, na skrubu ya kapeti imeshika bati jembamba tu. Chagua sehemu nene ya bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae mduara wa sarafu ya shilingi 200, funga kwa bolti na nati ya namba 8 yenye washa ya meno, kisha paka grisi juu baada ya kukaza. Waya wa erthi uwe mnene sawa na wa chanya, na usizidi nusu mita. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse.

Kupima erthi kwa kipimo cha omu ni kujidanganya, maana nyaya za mita ya bei nafuu zenyewe zina karibu nusu omu. Weka mita kwenye volti za DC, washa injini, piga muziki kwa sauti kubwa, gusisha ncha moja kwenye erthi ya amplifaya na nyingine kwenye hasi ya betri. Ikisoma 0.1 ni nzuri. Ikisoma 0.5, fungua usafishe upya, na uangalie pia waya wa hasi kutoka betri kwenda kwenye bodi, kwani huo wa kiwandani huoza kabla ya mengine yote.

Ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta mara nyingi unatoka hapo hapo. Tengeneza erthi kwanza, pitisha waya za RCA (zinazoleta mawimbi kutoka kwenye redio) upande mmoja wa gari na waya wa betri upande mwingine, ndipo ufikirie kununua kichujio.

"Geini ni voliumu ya amplifaya, izungushe mpaka mwisho"

Dhana hii ndiyo inayoua spika nyingi kuliko zote. Geini inalinganisha nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye redio na uwezo wa amplifaya kuyapokea. Redio nyingine hutoa volti 2 kwenye RCA, nyingine 4. Geini ikipitiliza, amplifaya inafika kikomo cha volti zake na kilele cha wimbi kinakatwa kama kwa panga. Wimbi lililokatwa hubeba nishati nyingi zaidi kuliko lile safi, na sehemu ya nishati hiyo hupanda kwenye masafa ya juu, inayoyapokea twita. Koili ya twita ni nyembamba kama unywele. Inaungua kabla sikio halijalalamika.

Huhitaji mashine ya gharama kuipanga. Tafuta mita ya kawaida na flashi yenye mlio wa majaribio wa 400 Hz uliorekodiwa kwa 0 dB. Tunasema 400 kwa sababu mita nyingi za bei nafuu husoma volti za AC vizuri hadi hapo tu. Ukitumia 1000 Hz zinaweza kukupa namba ya uongo. Zima kitufe cha loudness, sawazisha ikwalaiza yote kwenye sifuri, weka swichi ya kichujio cha amplifaya kwenye FULL (masafa yote), rudisha geini mwanzo. Chomoa nyaya za spika kwenye amplifaya. Washa injini, pandisha voliumu ya redio hadi robo tatu, yaani 30 kama mwisho ni 40. Weka mita kwenye AC, gusisha ncha zake kwenye mashimo mawili ya chaneli moja, na uzungushe geini polepole kwa bisibisi ndogo.

Usimame kwenye volti ngapi? Zidisha wati RMS kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 kwa omu 4 ni 200, na kipeuo chake ni 14.1. Wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3. Tumia namba ndogo kati ya uwezo wa spika na uwezo wa kweli wa amplifaya. Ukiingiza wati za boksi kwenye hesabu hii, mita itakuongoza moja kwa moja kwenye wimbi lililokatwa. Ukimaliza, rudisha nyaya za spika, na kuanzia siku hiyo voliumu ya redio isivuke ile robo tatu.

"Spika za mlangoni ziachie besi yote"

Kila unaposhuka oktavi moja, kwa mfano kutoka 80 Hz hadi 40 Hz, koni (karatasi ya spika inayotikisika) inahitaji kusogea mara nne zaidi ili itoe sauti ile ile. Spika ya inchi sita na nusu haina nafasi hiyo. Swichi ya kichujio iweke HPF (inayopitisha masafa ya juu), isiwe LPF (ya masafa ya chini) wala FULL, kwenye 80 Hz. Besi buusti iwe sifuri: kuongeza desibeli 6 tu ni kudai nguvu mara nne.

Besi ikiwa haba hata baada ya hapo, angalia waya kabla ya kulaumu kichujio. Gusisha betri ya redio ya volti 1.5, chanya kwa chanya, kwenye nyaya za spika, kwa sekunde moja tu. Koni zote mbili zinapaswa kuruka kwenda nje. Moja ikizama ndani, spika hizo zinapigana na besi inafia katikati ya gari.

Kisha mlango. Sauti ya nyuma ya koni ikipenya matundu ya bati, inaikata sauti ya mbele. Ziba matundu makubwa, lakini acha wazi yale ya chini kabisa yanayotoa maji ya mvua, la sivyo mlango utaoza. Lami ya kuzibia paa usiitumie; gari likiegeshwa juani Mtwara mjini inayeyuka na kunuka. Pete ya spika ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) huvimba kwa unyevu wa huku, hivyo tumia plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote.

"Kapasita itamaliza kufifia kwa taa"

Kapasita huhifadhi umeme kwa muda mfupi tu, haizalishi hata kidogo. Alternata ndiyo inayozalisha. Pima betri injini ikiwaka: chini ya volti 13.5, tafuta fundi wa alternata kwanza.

"Sukuma balansi kushoto, sauti itakaa katikati"

Dereva wetu anakaa kulia, kwa hiyo spika ya kulia inamfikia mapema. Balansi inabadilisha ukubwa wa sauti, haibadilishi muda wake. Kama redio yako ina mpangilio wa kuchelewesha sauti, pima kwa futi kamba kutoka kila spika hadi kichwani pa dereva. Tuseme kulia ni sentimita 95, kushoto 135: tofauti ni 40. Sauti hukimbia karibu sentimita 34 kwa milisekunde, basi icheleweshe ya kulia kwa milisekunde 1.2. Piga wimbo wenye mwimbaji mmoja, funga macho gari likiwa limesimama, na usogeze kidogo kidogo hadi mwimbaji ahame kutoka mlangoni na kusimama juu ya dashibodi.