Kudumu, kutengenezeka, kurejelezeka: sifa tatu zinazovutana

Katika usanifu endelevu, yaani ubunifu wa bidhaa unaojali mazingira, bidhaa nzuri ni ile inayodumu, inayotengenezeka ikiharibika, na ambayo ikifa kabisa malighafi yake hurejelezwa, yaani hutumika tena kutengenezea kitu kingine. Shida ni kwamba ukikazia sifa moja, mara nyingi unailegeza nyingine.

Peleka simu ya siku hizi kwa fundi akubadilishie betri. Anaipasha moto mgongoni hadi gundi ilegee, kisha anapenyeza kikadi chembamba cha plastiki ukingoni, polepole, nawe unamtazama roho juu. Gundi ile ina faida yake: inazuia maji yasiingie, kwa hiyo simu inaishi zaidi. Ila ndiyo hiyohiyo inayomtesa fundi, na baadaye inamsumbua mrejelezaji, maana betri ya lithiamu ikitobolewa wakati wa kubanduliwa inaweza kuwaka.

Umoja wa Ulaya umeuweka mvutano huu kwenye sheria. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazouzwa huko lazima betri yake iweze kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Asiyetaka hivyo athibitishe kuwa betri inabaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 1,000, na simu ivumilie maji. Yaani mtengenezaji ana ruhusa ya kupunguza utengenezekaji, mradi alipe kwa uimara.

Mimi navutiwa zaidi na jiko la mkaa lenye kiuno, lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nje ni bati, ndani ni udongo wa kuchoma. Jiko la zamani la bati tupu lilikuwa rahisi kurejeleza, lakini lilipoteza joto na kula mkaa. Udongo ukaleta nafuu kwa kutunza joto, ingawa nao hupasuka, na ukishapasuka huwezi kuuyeyusha ukawa kitu kingine. Wabunifu walikubali hasara hiyo, kwa sababu kinachokufa mapema ni kile cha bei nafuu, na kinatoka bila kuliua jiko zima. Fundi anabomoa udongo uliopasuka, anaweka mwingine, anaushika kwa saruji, na jiko linarudi jikoni. Bati lenyewe likioza kwa kutu, linaingia kwenye gunia la vyuma chakavu.