Impela Iliyoliwa: Si Kutu, Wala Si Mchanga

Shika mkononi impela, gurudumu linalozunguka ndani ya pampu na kusukuma maji, iliyotolewa kwenye pampu yenye kavitesheni, yaani viputo vya mvuke vinavyozuka na kuporomoka ndani ya maji. Karibu na jicho, pale maji yanapoingilia, chuma kimetobokatoboka kama sifongo, na ukipitisha kidole kinakwaruza. Mafundi wengi wakiiona husema ni kutu, au mchanga wa kisima.

Mchanga husugua chuma na kuacha michirizi inayofuata mkondo wa maji. Kutu hutanda hata mahali maji yanapotulia. Mashimo haya yamechimbwa na viputo: presha ikishuka mno kwenye jicho la impela, maji huchemka yakiwa baridi, na viputo vya mvuke vikisogea hadi penye presha kubwa huporomoka ghafla. Mwaka 1917 Lord Rayleigh wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kwamba kiputo kikiporomoka, presha inaweza kupanda hadi maelfu ya mara ya presha ya hewa. Kipigo hicho hurudiwa palepale mpaka chuma kinachoka.

Zipo pia kauli nyingine za mafundi zisizo sahihi. "Pampu iliyofanya kazi Mombasa itafanya kazi Nairobi." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hesabu yake ni ya dakika tano. Mombasa hewa inasukuma maji kwa nguvu ya kuinua safu ya maji ya takriban mita 10.3. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, zinabaki 8.4. Tuseme pampu inavuta maji kutoka mita 5 chini na msuguano wa bomba unakula mita 1. Toa pia presha ya mvuke, ile ambayo ikifikiwa maji huchemka: mita 0.4 kwa maji ya nyuzi 30 za Mombasa, 0.25 kwa maji ya nyuzi 20 za Nairobi. Mombasa unabaki na 3.9, Nairobi 2.15. Kama pampu inahitaji zibaki angalau mita 3, ya Mombasa inapita na ya Nairobi inaliwa, ilhali ni pampu ileile na bomba lilelile.

"NPSH iliyoandikwa kwenye katalogi ndiyo mpaka wa usalama." Hapana. NPSH ndiyo ile presha inayobaki tuliyoihesabu hapo juu, na ya katalogi ni kiasi ambacho pampu inahitaji. Kwa kawaida namba ile hupimwa pale pampu inapokuwa imeshapoteza 3% ya hedi yake, yaani kimo inachoweza kusukumia maji. Viputo vimeanza zamani, mara nyingi kwenye NPSH maradufu ya hiyo au zaidi, na ulaji wa chuma unaweza kuwa mkali kabla geji haijaonyesha lolote. Kwa hiyo anayekadiria hatari hujiwekea akiba juu ya namba ya katalogi, na akiba hiyo iongezeke kadiri pampu inavyozunguka kwa kasi.

"Isiponguruma kama imemeza kokoto, iko salama." Mwanzoni chuma hupigwa kwa muda mrefu bila kupoteza uzito wowote, kisha ulaji unashika kasi. Kelele ya mota nayo huficha mengi. Fungua pampu uangalie.

"Weka chuma cha pua, mashimo yataisha." Chenye kromi 13% na nikeli 4% kinavumilia kuliko chuma cha kutupwa, lakini kwa makadirio ya kawaida ulaji hupanda kwa kipeo cha sita cha kasi ya maji. Kasi ikiongezeka maradufu, ulaji unakuwa mara 64.

Na tafadhali, usipunguze maji kwa kubana valvu ya upande wa kunyonya. Unashusha presha palepale ilipokuwa haitoshi. Bana ya upande wa kutolea, bila kuzidisha, maana maji yakiwa machache mno huanza kujizungusha kwenye jicho la impela na viputo vinarudi.