Paspoti haina mihuri, na bado nimeshuka nchi kumi na moja

Juzi niko kwa muuza kahawa pale karibu na jeti, Malindi, ami yangu akaomba aione paspoti yangu. Akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja kama anatafuta noti iliyopotea, alafu akanirudishia mbele ya watu wote. "Kijana, we wasema wafika Ugiriki, wafika Malta, wafika Uturuki. Mihuri iko wapi?" Baraza nzima ikacheka. Mimi nimefanya kazi meli za kitalii kontrakti mbili, kusafisha vyumba vya abiria, na nchi nilizoshuka nimezihesabu ni kumi na moja, lakini ukiangalia paspoti utadhani nimeishia Mtwapa.

Basi maneno yakaanza hapo, kila mtu na lake alilosikia kwa shemeji yake, na mengi ni ya uongo, ndo nikaona bora niyaandike.

Tuanze na la muhuri mana ndo lilonitia aibu. Watu wanafikiria meli ikifunga bandari ya nje abiria elfu tatu wanapanga laini kama eapoti, kila mmoja na paspoti mkononi agongewe. Ingekua hivyo meli ingelala pale siku mbili na wenyewe wana masaa nane tu. Kazi inafanywa kabla hamjafika. Meli inatuma orodha ya watu wote, jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, namba ya paspoti, abiria na sisi wafanyikazi pia. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinataka orodha masaa 24 kabla meli haijafika, Marekani kwa safari ndefu taarifa inatoka masaa 96 kabla, siku nne hizo. Yaani wakati we umelala unaota kebabu za Istanbul, kuna afisa ofisini ashamaliza kupitia jina lako.

Asubuhi maafisa wanapanda wawili watatu, wanapewa meza kwenye ukumbi mmoja, kahawa na keki juu (hio keki nimeibeba mimi mwenyewe sio mara moja), paspoti zimepangwa kwenye makasha kwa namba za vyumba, wanachomoa wanayoitaka, wakiona jina wanataka kumuona mtu anaitwa aje. Wakiridhika ndo linatoka tangazo kwamba meli imeruhusiwa na watu washuke. Kabla ya tangazo hilo hata nahodha hashuki. Nimeona abiria wamejaa mlangoni na kofia zao na mafuta ya jua, nusu saa, dakika arobaini, wanagomba, na ngazi ishawekwa, lakini hakuna anayegusa nchi kavu.

Kwa hivyo kutogongewa muhuri sio kutokaguliwa. Ushakaguliwa, ni vile tu hukuona. Na Ulaya huko hata mihuri yenyewe inaondoka, tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mtambo wa kuchukua alama za vidole na sura kwa wageni wa muda mfupi badala ya kugonga, ami atazidi kukosa ushahidi.

Alafu kuna hii kadi ya meli. Abiria anapewa kadi kama ya benki, inafungua chumba, analipia soda, na akishuka anaiweka kwenye mashini pale mlangoni, ting, picha yake inatokea kwa skrini na sekyuriti anamuangalia usoni. Akirudi, ting tena. Sasa mtu akishazoea hio ting anaona kadi ndo paspoti. Hapana! Kadi inaambia meli nani yuko ndani nani yuko nje, basi. Polisi wa Napoli hana habari nayo. Meli kukuachia utoke ni jambo moja na nchi kukukubali uingie ni jambo lingine, na karibu uongo wote nliosikia pale baraza unatoka kwa watu kuchanganya hayo mawili. Ukishuka beba kadi na kitambulisho chenye picha, na kopi ya paspoti, na kama bandari hio wametangaza mshuke na paspoti yenyewe basi beba yenyewe, kuna nchi zinataka hivyo.

"Meli haina viza, we kata tiketi tu." Hili limewaumiza watu, na hapa Malindi linatuhusu sana mana tuna ndugu chungu nzima Italia. Binti ya khalati yangu ameolewa kule, ana permeso yake halali, kile kibali cha kuishi Italia, mume akamwambia wapande meli Genova, wapite Marseille, Barcelona, alafu Tunis, alafu warudi Palermo. Akanipigia, "Kaka, mimi si nina karatasi za Ulaya, si natosha?" Nkamwambia Marseille na Barcelona hapo sawa, permeso ya Italia pamoja na paspoti yako iliyo hai inakupitisha nchi zote za Schengen kwa matembezi, siku 90 ndani ya kila siku 180. Tunis sio Schengen. Pale wana serikali yao na masharti yao kwa Mkenya, uliza ubalozi wao kabla ya kulipa. Akaniambia "Lakini mume wangu Mtaliano." Nkamwambia dada, khanga ndo huja doti, paspoti haiji doti, ya mumeo haikufuniki wewe.

Na mwenye hali mbaya zaidi ni yule anayetoka hapa nyumbani na viza ya Schengen ya kuingia mara moja. Anaingia Genova, viza imetumika. Meli ikienda Tunis ashatoka Schengen, awe ameshuka au amebaki kitandani ni mamoja, na kurudi Palermo ni kuingia mara ya pili na hana hio mara ya pili. Kwa safari kama hizo uombe viza ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo na uwaonyeshe ramani ya safari. Angalia pia nchi kwa nchi mana watu wanadhani Ulaya yote ni moja, Kroatia imeingia Schengen 2023, Malta na Ugiriki wako ndani, lakini Saiprasi hayuko, Uingereza hayuko, Uturuki hayuko.

Tena Uturuki wana jambo zuri kwa watu wa meli. Ukifika bandarini kwa utalii wanaweza kukuachia uzunguke mji ule na karibu yake bila viza kwa muda usiozidi masaa 72, wakuu wa pale wakikubali. Japani nao tangu 2015 wana kibali maalum cha kushuka kwa abiria wa meli za kitalii zilizoandikishwa. Sasa mtu akisikia mfano mmoja kama huo ndo anageuza kua sheria ya dunia nzima, "mbona jirani yangu alishuka bila viza," ndio, alishuka pale, na we unaenda kwengine.

Nakumbuka baba mmoja mtu mzima tulikua naye, nilikua nasafisha chumba chake, kwenye bandari moja karatasi zake hazikutosha. Hakufanyiwa ubaya, aliambiwa tu akae ndani. Alishinda dekini na kiti chake na kofia, anakula aiskrimu, mji uko pale mbele mita mia mbili, anasikia mpaka pikipiki zikipiga honi, na mkewe kashuka na kundi. Jioni mkewe akaja na sabuni za maua na sumaku ya friji. Na huyo alibahatika jamani, wengi wanazuiliwa siku ya kwanza kwenye kupanda, mana kampuni ikikubeba bila karatasi inaweza kupigwa faini kwa hivyo wanakuangalia wao kabla serikali haijakuangalia, na hela yako mara nyingi ndo ishakwenda.

Wengine pale baraza wakasema meli ikichukua paspoti yako ujue umeshauzwa. Hapo nlicheka kidogo. Kwa abiria, kwenye safari fulani wanazikusanya siku ya kupanda ili maafisa wa kila bandari wazipate pamoja, alafu wanarudisha. Kwetu wafanyikazi zinakaa ofisi ya kruu kontrakti yote, ukiihitaji unaomba, na ukimaliza kontrakti unaondoka nayo. Uwe na kopi na picha kwa simu, mimi nlimtumia mamangu kwa WhatsApp akaiweka. Yule anayekuchukulia paspoti yako hapa nchini, kabla hujaona hata meli, huyo ndo wa kuogopa.

Na nikiwa hapo hapo kwa mabaharia. Vijana wanasema baharia hahitaji viza kwa sababu ana kitabu cha baharia. Kitabu kile kinatolewa na Kenya Maritime Authority, ni kitu kizuri, kinaonyesha kazi ulizofanya, lakini Marekani hawakitazami kama viza. Kule unaenda na C1/D, hio ndo viza ya wafanyikazi wa meli, ubalozini Nairobi, na mahojiano. Ukiwa nayo pia ni afisa wa bandari anayeamua ushuke au usishuke, na ruhusa yenyewe mwisho siku 29. Kuna rafiki zangu walimaliza mwezi mzima wanaiona Miami kwa dirisha. Alafu skizeni vizuri, ule mkataba wa mabaharia wa MLC wa 2006, na Kenya iko ndani, unasema wakala hatakiwi kukutoza pesa ya kukupatia kazi. Gharama zako ni paspoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Viza ni ya mwenye meli. Mtu alinidai elfu themanini "za viza na faili," nlimlipa nusu kabla sijajua, na sikumuona tena mpaka leo, simu haishiki.

Sasa kuhusu kwetu hapa. Watu wa Lamu wanasema, mbona wazungu wakishushwa na boti ndogo pale jeti wanaingia tu mjini hawaulizwi? Kwa sababu wameulizwa mbele, au Mombasa, au ndani ya meli yenyewe. Tangu Januari 2024 mgeni anaomba eTA, kile kibali cha kusafiri, kwa mtandao kabla ya kuja, ilianza dola 30, na ndugu zetu wa Afrika Mashariki hawaihitaji. We unachoona pale jeti ni mtu na kamera anakwepa punda, hukuona fomu aliyoijaza kwao. Na wale wanaotaja Vasco da Gama eti alishuka Malindi bila viza wala nini, waambieni 1498 yeye mwenyewe hakushuka! Mfalme wetu alimwalika akakataa, wakakutana majini kila mmoja na boti yake. Nguzo yake tunayo na yeye hakukanyaga.

Upande wa pili, Mkenya kwenda Zanzibar kwa kua ni jirani na tunasema lugha moja haimaanishi ushuke na kitambulisho. Kitambulisho kinakufikisha Uganda na Rwanda. Tanzania wanataka paspoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya njano usiisahau, Kenya iko kwenye orodha ya nchi za homa ya manjano. Kadi hio wengi wanairudia kila miaka kumi bure, tangu Julai 2016 sindano moja ni ya maisha, ila inaanza kuhesabika siku kumi baada ya kudungwa kwa hivyo usiende kudungwa jana ya safari. Na paspoti iwe na miezi sita mbele, nchi nyingi hazikubali chini ya hapo.

La mwisho ni hili la kuchelewa. "Meli haiwezi kumuacha mtu." Inaacha. Nimeona kwa macho yangu mama na mumewe wanakimbia gatini na mifuko, viatu mkononi, watu wote wa dekini wanapiga makofi na kupiga kelele kimbia kimbia, na kamba ya mwisho ishafunguliwa. Kabla ya hapo sekyuriti alikua ashaniita tufungue chumba chao, sefu ikafunguliwa, paspoti mbili zikatolewa, akapewa wakala wa bandari kule chini. Hio ndo huruma ya meli, kukuachia paspoti. Tiketi ya ndege kufuata bandari ya mbele ni yako, na kama we ni Mkenya usiye na viza ya nchi hio basi uko mikononi mwa imigresheni ukieleza. Muda uliotangazwa ni saa ya meli, sio saa ya simu yako, simu ikishika mtandao wa nchi ile inaweza kujibadilisha yenyewe, ndo watu wanapopotelea.

Haya yote nlimueleza ami, kahawa mpaka imepoa. Akaniskiza vizuri. Nkaona nimalize kabisa, nkaenda nyumbani nkamletea kile kitabu changu cha baharia, mana hicho kina mihuri, siku ya kupanda, siku ya kuteremka, sahihi ya nahodha, miezi tisa, miezi saba. Akavaa miwani tena, akasoma pole pole, akakifunga.

"Hii mihuri ni ya meli," akasema. "Mimi nakuuliza ya nchi."

Nkamlipia kahawa.