Orodha ya nyumba za halmashauri Uingereza si foleni

Katika kazi yangu ya kushauri watu kuhusu makazi na mafao hapa England, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Zamu yangu itafika lini?" Anayeuliza alijiandikisha miaka kadhaa iliyopita kupata nyumba ya halmashauri, yaani nyumba ya umma inayopangishwa kwa kodi nafuu, na anaamini kwamba kila mmoja akipewa nyumba, yeye anasogea hatua moja mbele. Inabidi nimweleze kwamba hakuna zamu. Orodha ile inakwenda kwa uzito wa shida. Halmashauri humweka kila mwombaji kwenye daraja, na sheria ya makazi ya mwaka 1996 inataka wafikiriwe kwanza wasio na makao, wanaobanana kupita kiasi, na wagonjwa ambao nyumba waliyomo inawazidishia maradhi. Nyumba chache zinazopatikana hutangazwa mtandaoni, wengi wanaomba, anapata mmoja. Ukiwa daraja la chini unaweza kuomba mpaka watoto wako wakahama wenyewe, na hukukosea popote.

England peke yake ina kaya zipatazo milioni 1.3 kwenye orodha hizo.

Nyumba hizi hazikuwa adimu hivi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Aneurin Bevan, waziri aliyeshika afya na makazi kwa pamoja, alisimamia ujenzi mkubwa wa nyumba za umma, na serikali zilizofuata za vyama vyote viwili vikuu, Labour na Conservative, ziliendelea kujenga. Mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu theluthi moja ya kaya ziliishi humo. Kisha mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikatunga sheria ya kumpa mpangaji haki ya kuinunua nyumba yake kwa punguzo kubwa. Tangu hapo karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa England. Siwalaumu walionunua, familia nyingi za vibarua zilipata mali kwa mara ya kwanza katika ukoo wao. Ninacholaumu ni kwamba halmashauri zilizuiwa kutumia sehemu kubwa ya fedha za mauzo kujenga nyingine. Idadi kubwa ya nyumba zilizouzwa leo imo mikononi mwa wenye nyumba binafsi, wanaozipangisha kwa kodi ya soko. Scotland ilifuta haki hiyo mwaka 2016 na Wales mwaka 2019. England haki hiyo bado ipo, ingawa punguzo lilikatwa sana Novemba 2024.

Matokeo yake, mtu ambaye zamani angepanga kwa halmashauri sasa anapanga kwa mtu binafsi, na serikali inamsaidia kulipa kodi kupitia Universal Credit, fao la kila mwezi kwa wenye kipato kidogo. Hapa ndipo watu wanaposagwa, na ndipo ninapotaka tuelewane vizuri.

Msaada huo una ukomo unaoitwa Local Housing Allowance, unaopangwa kwa kila eneo na kwa idadi ya vyumba. Ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2008, ulifuata kodi ya katikati: nusu ya nyumba za kupanga za eneo lile zilikuwa ndani ya uwezo wako. Mwaka 2011 ukashushwa, ukabaki kufikia asilimia 30 tu ya nyumba, zile za bei ya chini kabisa. Halafu ukagandishwa kuanzia 2016 hadi 2020, ukagandishwa tena hadi Aprili 2024, na tangu Aprili 2025 umegandishwa kwa mara nyingine. Kodi haikuganda hata mwezi mmoja.

Chukua mfano wa kodi ya pauni 1,200 kwa mwezi mahali ambapo ukomo ni pauni 950. Zile 250 zinatoka wapi? Zinatoka kwenye fedha ya chakula. Mtu mzima asiye na mwenzi, mwenye miaka 25 au zaidi, katika mwaka wa fedha 2025/26 alipewa pauni 400.14 kwa mwezi za kula, umeme, nauli na mavazi. Mwenye watoto huongezewa, lakini pengo la kodi linakula humo humo. Naye anayeanza kudai husubiri wiki 5 kabla ya malipo ya kwanza. Akiomba fedha ya kutangulizwa, huo ni mkopo, utakatwa mwezi hadi mwezi. Juu ya hayo kuna kikomo cha mafao yote kwa pamoja: kwa familia ni pauni 25,323 kwa mwaka ndani ya London, na 22,020 nje yake. Familia kubwa inayolipa kodi ya London hukigonga kikomo hicho haraka kwa sababu ya kodi hiyo.

Hata aliye ndani ya nyumba ya halmashauri hana raha. Tangu 2013, mpangaji wa umri wa kufanya kazi akihesabiwa kuwa na chumba kimoja cha ziada hupunguziwa msaada kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi yake, na asilimia 25 kwa viwili au zaidi. Anaambiwa ahamie nyumba ndogo. Nyumba ndogo hazipo.

Deni la kodi likikua, notisi ya kuhama inafika, na familia inaishia kwenye makazi ya muda. Mwishoni mwa 2024 kaya zaidi ya 120,000 za England zilikuwa humo, pamoja na watoto zaidi ya 160,000. Sheria inakataza familia kuwekwa kwenye vyumba vya hoteli za bei nafuu, wasikokuwa na jiko lao, kwa zaidi ya wiki 6. Ninaona familia zikipitiliza. Mama anawalisha watoto vyakula vya birika la maji moto, shule iko mabasi mawili kutoka hapo, na kesho huenda akahamishiwa mji mwingine. Halmashauri za England zilitumia zaidi ya pauni bilioni 2 kwa makazi hayo mwaka 2023/24, huku serikali kuu ikiwafidia kwa kiwango cha asilimia 90 ya ukomo wa mwaka 2011. Fedha zinazobaki kulipwa zinatoka mfukoni mwa halmashauri ile ile inayotakiwa kujenga.

Watu pia wanakaa walipo kwa sababu hakuna pa kwenda. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2 huko Rochdale, alifariki Desemba 2020 kwa kuvuta ukungu uliotanda kwenye kuta za nyumba ya chama cha nyumba, yaani shirika linalopangisha nyumba za umma. Wazazi wake walikuwa wamelalamika tena na tena. Sheria yenye jina lake, inayowalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia ukungu ndani ya muda maalumu, ilianza kutumika Oktoba 2025.

Sasa niseme na Waswahili wenzangu. Ndugu zetu waliokuja kwa viza za kutunza wazee wana sharti la kutopata fedha za umma: hawana Universal Credit, wala hawaingii kwenye orodha ya nyumba. Wanaposingiziwa kwamba wanawamalizia wenyeji nyumba, huo ni uongo mtupu. Lakini kama una mtoto na huna pa kulala, sheria ya watoto ya 1989, kifungu cha 17, inaibana idara ya ustawi wa jamii ya halmashauri kumwangalia mtoto aliye katika uhitaji, hata kama viza yako ina sharti hilo. Pata mshauri wa uhamiaji aende nawe.

Kwa wenye haki ya mafao: ukipata notisi, usirudishe ufunguo. Notisi peke yake haikutoi. Anayekutoa ni mahakama, kisha madalali wa mahakama. Ukiondoka mapema, halmashauri inaweza kusema umejitakia mwenyewe kukosa makao na ikajivua jukumu. Nenda kwao ukiwa na siku 56 au chini ya hapo kabla ya kukosa makao, maana hapo tayari wana wajibu wa kukusaidia, na uulize kuhusu fungu la kuziba pengo la kodi. Kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba England hawezi tena kukutoa bila sababu, lakini deni la miezi 3 linabaki kuwa sababu tosha. Kwa hiyo omba fungu hilo mapema, deni likiwa bado la mwezi mmoja.